Taimauti Mbili Mkononi: Kocha wa Chuo na Dakika za Mwisho

Usiku wa Machi 12, 2009, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa ndani ya jezi ya timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Wapinzani walikuwa Syracuse, mchezo ulikuwa wa robo fainali ya mashindano ya vyuo ya Big East, matokeo yalisomeka 71-71 na saa ilikuwa imebakiwa na sekunde 1.1. Syracuse wakarusha mpira mrefu kuvuka uwanja, ukaguswa njiani, ukamfikia Eric Devendorf, akautupa kutoka mbali na ukaingia. Devendorf akapanda juu ya meza kushangilia. Waamuzi wakaenda kutazama picha, wakazifuta zile pointi tatu: muda ulikuwa umekwisha mpira ukingali kwenye ncha za vidole vyake.

Vikafuata vipindi sita vya nyongeza. Syracuse hawakuongoza hata mara moja katika vitano vya kwanza, kisha wakashinda cha sita na mchezo wenyewe, 127-117, saa saba na dakika 22 usiku. Wachezaji 8 walitolewa kwa kutimiza faulu tano, Thabeet akiwa mmoja wao. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67.

Mashabiki wanaukumbuka mtupo wa Devendorf. Kocha anayeutazama mchezo huo kwenye simu yake pale Themi, Arusha, jioni baada ya mazoezi, afadhali aliangalie benchi. Nani bado yuko uwanjani, ana faulu ngapi, benchi lipi limebakiwa na taimauti: mambo hayo yalianza kuamuliwa mapema, wakati hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kocha anayeanza kufikiria mwisho wa mchezo pale saa inaposoma 2:00 amechelewa, kwa sababu sehemu kubwa ya anavyovihitaji ameshavitumia.

Kuna jambo jingine linalowagusa zaidi makocha wa Arusha. Timu za vyuo vilivyouzunguka Mlima Meru, kuanzia Chuo cha Uhasibu pale Njiro na Chuo cha Ufundi mjini hadi Nelson Mandela kule Tengeru na Makumira upande wa Usa River, zinapoingia kwenye mashindano zinakutana na kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Video ambazo wachezaji wao wanazitazama kila siku zinatoka Marekani, ambako mchezo wa vyuo una kitabu chake cha kanuni. Katika robo ya kwanza tofauti ya vitabu hivyo viwili haisumbui sana. Katika dakika mbili za mwisho inaweza kumpokonya mtu ushindi.

Mfano ulio wazi ni wa Chris Webber. Aprili 5, 1993, katika fainali ya vyuo iliyochezwa New Orleans, Michigan walikuwa nyuma ya North Carolina 73-71. Webber alidaka ribaundi, akaukokota mpira hadi kona ya mbele, akabanwa na walinzi wawili, na zikiwa zimebaki sekunde 11 akaweka mikono alama ya T kuomba taimauti. Michigan hawakuwa nayo. Adhabu ikawa faulu ya kiufundi, mitupo huru na mpira kwa wapinzani. Mchezo uliisha 77-71.

Chini ya FIBA kosa hilo haliwezi kutokea kwa namna ile, maana mchezaji hana ruhusa ya kuomba taimauti. Anayeomba ni kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, na anaiomba mezani, kwa ishara ya mkono inayoonekana. Wala haitolewi mpira ukiwa unachezwa. Itapatikana mpira ukifa na saa ikisimama, au baada ya mtupo huru wa mwisho kuingia. Wapinzani wakifunga kikapu cha kawaida, ni timu iliyofungwa tu inayoweza kuichukua. Basi yule kocha anayekimbia pembeni ya mstari akimpigia mwamuzi kelele za taimauti huku mpira ukiwa mikononi mwa mchezaji wake aliyebanwa kwenye kona, anapoteza pumzi. Vibaya zaidi, mchezaji wake anageuza shingo kumtazama, na walinzi wawili wanaupata mpira. Njia iliyo salama ni msaidizi kuiomba mapema mezani, ili mpira ukifa tu itolewe. Ombi linaweza kufutwa kabla king'ora cha meza hakijalia, kwa hiyo kuliweka mapema hakuna hasara.

Hesabu ya FIBA inapaswa kukaa kichwani mwa kila aliyeketi benchi, hata mbeba maji. Nusu ya kwanza kuna taimauti mbili. Nusu ya pili ni tatu, lakini zisizidi mbili ndani ya dakika mbili za mwisho za robo ya nne. Kila kipindi cha nyongeza kina moja. Kila moja ni dakika moja kamili. Ambazo hazijatumika hazihamishwi kwenda mbele, na hapo pana mtego: timu isiyotumia taimauti hata moja katika nusu ya pili, saa ya robo ya nne inapofika 2:00 karani wa meza anaifuta moja. Kocha anayejisifu kwa kubana hadi mwisho anajikuta na mbili, na ile ya tatu haikumsaidia kitu.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni mwepesi kuusema na mgumu kuufuata. Taimauti moja ya nusu ya pili itumike kabla ya 2:00, pale inapohitajika kweli: wapinzani wamefunga mfululizo, ulinzi umevurugika, au mchezaji muhimu ameanza kugombana na mwamuzi. Mbili zibaki. Zote mbili. Kocha mwenye mbili akifika dakika za mwisho anaweza kupanga shambulizi moja, kisha akapanga ulinzi unaolifuata. Mwenye moja anachagua kimoja na kukiacha kingine kwa bahati.

Kabla ya kuomba, kocha wa Arusha ana la kupima ambalo mwenzake wa pwani hana. Jiji liko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Timu iliyopanda kutoka Dar es Salaam au Tanga inaweza kufika robo ya nne ikihema kuliko wenyeji. Mwenyeji anayeongoza kwa pointi sita na kuchukua taimauti ili kutuliza mambo amewapa wageni dakika nzima ya kuvuta hewa bila malipo. Akiwa anaongoza na wageni wamechoka, anyamaze, aache mchezo uende. Akienda pwani Februari, kwenye joto, ajue zawadi hiyo inaweza kuwa yake, aipokee pale wenyeji watakapomtolea.

Kanuni ya FIBA ambayo makocha wengi wa vyuo hawaitumii vya kutosha ni ya kusogeza mpira mbele. Ndani ya dakika mbili za mwisho za robo ya nne, na katika nyongeza, timu inayotakiwa kuanza na mpira kwenye nusu yake ikichukua taimauti, kocha anachagua: mpira urushwe nyuma kama kawaida, au urushwe kutoka kwenye mstari maalumu wa pembeni uliopo nusu ya mbele, upande ulioikabili meza. Wanaume wa vyuo vya Marekani hawana ruhusa hiyo.

Ukubwa wake unaonekana katika michezo maarufu kabisa ya vyuo. Machi 28, 1992, mjini Philadelphia, Duke walikuwa nyuma ya Kentucky 103-102 katika muda wa nyongeza, sekunde 2.1 zimebaki. Kocha Mike Krzyzewski alichukua taimauti, na bado mpira ulilazimika kusafiri uwanja karibu wote. Grant Hill aliurusha hewani, Christian Laettner akaudaka, akageuka, akafunga: 104-103. Kentucky hawakuweka mtu mbele ya Hill, na pasi ile ilitoka bila mkono wowote kuizuia. Aprili 4, 2016, mjini Houston, Marcus Paige wa North Carolina alisawazisha 74-74 zikiwa zimebaki sekunde 4.7. Villanova wakachukua taimauti, Kris Jenkins akaurusha mpira kwa Ryan Arcidiacono, Arcidiacono akaukokota hadi mbele, na Jenkins, ambaye baada ya kurusha hakuna aliyemfuata, akaupokea tena na kufunga pointi tatu. 77-74.

Kocha wa chuo cha Arusha ana kitu ambacho Krzyzewski na Jay Wright, kocha wa Villanova, hawakuwa nacho katika michezo hiyo: anaweza kuanzia mbele. Sekunde 2.1 ukiwa tayari nusu ya mbele ni muda wa kupokea, kudundadunda mara moja na kutupa. Asiyejua kanuni hii anapanga pasi ndefu ya kubahatisha wakati angeweza kupanga pasi ya mita tano. Na somo la anayelinda ni lile lile katika michezo yote miwili: anayerusha mpira ndani naye ni mshambuliaji. Ama awekewe mlinzi mrefu mbele yake, ama apewe mtu wa kumfuata akishaingia uwanjani.

Lakini kusogeza mpira si jibu la kila wakati, na hapa hesabu inatakiwa kufanywa bila haraka. Baada ya kufungwa, ukichagua mbele, saa ya kushambulia inapewa sekunde 14. Ukichagua nyuma, inapewa 24. Chukua timu inayoongoza kwa pointi mbili, wapinzani wamefunga sasa hivi, zimebaki sekunde 20. Ikienda mbele, ndani ya sekunde 14 italazimika kutupa, na wapinzani watakuwa na kama sekunde 6 za kurudi. Ikibaki nyuma, sekunde 24 zinazidi muda wote uliobaki. Ikiweza kuuvusha mpira katikati ndani ya sekunde 8 na kuepuka kubanwa, si lazima itupe tena hadi mwisho, na wapinzani watalazimika kufanya faulu. Kwa timu yenye viungo wawili wanaojua kukokota mpira chini ya shinikizo, nyuma ni bora. Kwa timu yenye mmoja tu, ambaye naye ana faulu nne, mbele ni salama zaidi. Zikibaki sekunde 14 au pungufu swali linakuwa jepesi, kwani saa ya kushambulia haina nguvu tena.

Dakika moja ya taimauti yenyewe inapotea kirahisi ajabu. Wachezaji wanatembea kuja, wanatafuta chupa za maji, wanalaumiana, msaidizi anasema lake, nahodha anasema lake, na king'ora cha sekunde 50 kinalia kocha akiwa ndiyo kwanza anachora. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: sekunde chache za mwanzo kocha anasimama kando na msaidizi wake, wachezaji wakinywa maji, wanakubaliana jambo moja. Kisha anaketi mbele ya watano watakaocheza na anawaambia mambo matatu tu: tunafanya nini, tusipofanikiwa tunarudi vipi, tumebakiwa na taimauti ngapi na faulu ngapi. Kabla hawajasimama, mmoja anarudia kwa sauti. Akikosea, kuna sekunde kumi za kurekebisha.

Cha kuchora kiwe kile ambacho wanakijua. Villanova hawakubuni lolote usiku wa Houston. Lilikuwa jambo walilolifanyia mazoezi mara kwa mara, na kila mmoja alijua nafasi yake. Kocha anayebuni shambulizi jipya sekunde 9 kabla ya mchezo kuisha anawaomba vijana wa mwaka wa pili wafaulu mtihani wa somo ambalo hawakufundishwa.

Faulu ni akiba ya pili, na simulizi yake nzuri inamhusu mwana mwingine wa Afrika Mashariki. Aprili 3, 2004, mjini San Antonio, Luol Deng, aliyezaliwa Wau katika Sudan Kusini ya leo, alikuwa anaichezea Duke katika nusu fainali ya vyuo dhidi ya Connecticut, ile ile timu ambayo Thabeet angeichezea baadaye, chini ya kocha yule yule, Jim Calhoun. Nyota wa Connecticut, Emeka Okafor, alipata faulu mbili mapema mno. Calhoun akamketisha karibu nusu nzima ya kwanza. Katika nusu ya pili Okafor alirudi na kufunga pointi 18, huku warefu watatu wa Duke, mmoja baada ya mwingine, wakitolewa kwa faulu tano. Duke waliongoza kwa pointi 8 zikiwa zimebaki dakika tatu na ushee. Connecticut wakafunga pointi 12 mfululizo na kushinda 79-78. Uamuzi uliowapa ushindi huo ulifanyika dakika za mwanzo kabisa.

Kumketisha mchezaji muhimu si sheria ya kufuatwa kila mara. Timu yenye wachezaji wanane tu, kama zilivyo timu nyingi za vyuo nyakati za mitihani, haiwezi kila wakati kumudu. Ila kocha ajue anachokinunua. Na mwezi wa Juni au Julai, baridi ya Arusha inapouma kwenye uwanja wa wazi, mchezaji aliyeketi dakika kumi asirudishwe moja kwa moja kutoka kwenye benchi. Avae koti, na dakika mbili kabla ya kuingia akimbie nyuma ya benchi, apashe misuli.

Faulu za timu nazo zihesabiwe. FIBA inazihesabu upya kila robo: nne za kwanza hazina mitupo huru isipokuwa mtu amefanyiwa faulu akitupa, kuanzia ya tano ni mitupo miwili. Muda wa nyongeza unaendeleza hesabu ya robo ya nne. Timu iliyofika dakika ya mwisho ikiwa na faulu mbili tu ina faulu mbili za kutoa. Inaweza kuvuruga shambulizi la wapinzani mara mbili, ikala sekunde, bila kulipa pointi. Makocha wengi huona karatasi ya mezani inayoonesha hesabu hiyo na wasiitumie.

Swali linalogombaniwa zaidi ni hili: unaongoza kwa tatu, zimebaki sekunde chache, wapinzani wana mpira. Ufanye faulu ili wapige mitupo miwili, au uwalinde? Aprili 7, 2008, Memphis waliongoza kwa pointi 9 dhidi ya Kansas katika fainali ya vyuo, dakika mbili na sekunde chache zimebaki. Wakakosa mitupo huru mfululizo. Wakajikuta wakiongoza kwa tatu, na kocha John Calipari alitaka wafanye faulu. Faulu haikupatikana, Mario Chalmers akasawazisha kwa mpira wa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 2.1, na Kansas wakashinda 75-68 katika nyongeza.

Kwa timu ya chuo inayocheza kwa FIBA, jibu la busara ni kufanya faulu zikibaki sekunde kama 6 au pungufu, kwa masharti ambayo lazima yawe yamefanyiwa mazoezi. Faulu ifanywe mapema, mchezaji akiwa anakokota mpira na mgongo au bega limekuelekea, kabla hajainua mikono kutupa. Mlinzi aucheze mpira kweli. Akimkumbatia mtu, mwamuzi ataita faulu isiyo ya kiuanamichezo na wapinzani watapata mitupo miwili pamoja na mpira. Na asiguse mtu kabla mpira haujatoka mkononi mwa anayerusha: tangu kanuni za mwaka 2022, faulu ya namna hiyo ndani ya dakika mbili za mwisho inaadhibiwa kwa mtupo mmoja huru na mpira unabaki kwao. Timu ambayo haijafanya mazoezi ya hayo yote ilinde tu, ikiweka watu wote kwenye mstari wa pointi tatu na kuwaachia wapinzani njia ya pointi mbili.

Viwanja vingi vya vyuo ni vya saruji, vya wazi, na saa ya kushambulia pengine ni mtu mwenye saa ya mkononi anayehesabu kwa sauti. Hali hiyo inadai maandalizi zaidi. Kabla ya mchezo nahodha na kocha waende mezani, waulize muda utaoneshwa wapi, nani atatangaza dakika mbili za mwisho, king'ora ni kipi na mshale wa mpira wa kugombaniwa utawekwa upande gani. Mchezaji mmoja wa akiba apewe kazi ya saa na daftari: faulu za kila mtu, faulu za timu, taimauti za pande zote mbili. Robo ya nne ikianza, ahame kiti akae karibu na kocha.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa. Robo saa ya mwisho ya mazoezi, mara mbili kwa wiki, kocha anaweka hali na kuwaacha wacheze. Nyuma kwa mbili, sekunde 12, taimauti moja. Mbele kwa moja, sekunde 30, faulu tatu za timu. Hali moja ya kufaa inatoka London, Julai 20, 2024, Sudan Kusini ilipokaribia kuiangusha Marekani: LeBron James alifunga zikiwa zimebaki sekunde 8, ikawa 101-100. Ukiwa nyuma kwa moja na umefungwa sasa hivi, sekunde 8: mbele au nyuma? Nani anatupa? Mwezi Februari 2021 mjini Yaoundé, Kenya iliishinda Angola 74-73 kwa mtupo wa Tylor Ongwae muda ukiyoyoma, na kwa ushindi huo ikarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Kila timu ya chuo inapaswa kumjua Ongwae wake kabla ya siku ya mchezo, na kumjua wa pili ikiwa wa kwanza ametolewa kwa faulu.

Baada ya kuzoea, kocha aende hatua moja mbele. Anaweka hali, kisha anaketi na kunyamaza. Hakuna taimauti, hakuna maelekezo kutoka pembeni, mwamuzi ni msaidizi wake. Watano walio uwanjani wakubaliane wenyewe kwa sekunde tano kabla ya filimbi. Wiki za mwanzo watabishana, wawili watakimbilia kona moja, na mtu atasahau kumfuata anayerusha. Kocha aandike bila kuwakatiza, na awaoneshe baadaye, kwenye ubao, walipokosea.